Kufuli Lirudi Mlangoni: Ilani ya Tunaofungiwa Vitu kwa Mbali

Saa mbili usiku taa inazimika. Paneli iliyo juu ya bati imeota jua mchana kutwa, betri imejaa, na hakuna waya uliokatika. Kisanduku kilichotundikwa ukutani kimehesabu siku, kikakuta malipo ya jana hayakuingia, kikazima. Mama mwenye nyumba amekwisha kulipa miezi kumi na minne kati ya kumi na minane. Usiku huo anaitafuta koroboi kwa kupapasa, na mtoto anamalizia hesabu zake kwenye moshi.

Mwenzetu mwingine ni dereva wa bodaboda. Injini ilimzimikia katikati ya mlima, abiria yuko nyuma, lori linakuja. Chini ya tangi la pikipiki yake kimefichwa kifaa chenye laini ya simu. Amri ilitumwa kutoka mahali asipopajua, na umeme wa injini ukakatwa. Wa tatu ni fundi simu. Kila wiki analetewa simu nzima kabisa, kioo hakina ufa, ila zimeandika deni na hazifunguki. Hata akiifuta simu ianze upya, kufuli linarudi palepale, maana limewekwa chini kabisa, mahali ambapo mwenye simu haruhusiwi kufika.

Hawa watatu hawakuwa wakijuana. Walipokutana na sisi wengine, watu wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, pale Lungalunga na Horohoro, tulikaa tukasimuliana mpaka tukagundua kwamba kisa ni kimoja. Ndipo tukaamua kuanzisha harakati hii. Tunaloamini ni hili: kitu ninachokilipia, kilicho ndani ya nyumba yangu, kinachobeba riziki yangu, hakiwezi kuwa na ufunguo mmoja tu ulio mfukoni mwa mtu mwingine.

Hatuikatai teknolojia. Tumelelewa nayo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mtu aliweza kwa mara ya kwanza kulipa shilingi chache kila siku bila kupanda gari wala kupanga foleni. Juu ya njia hiyo ikajengwa biashara ya kulipa mdogo mdogo: kwanza taa za jua, kisha televisheni, simu janja, pikipiki na gesi yenye mita iliyofungwa kwenye mtungi. Nyumba ambazo zisingeona umeme wa gridi kwa miaka mingi zilipata mwanga. Mama lishe aliyekuwa akikohoa mkaa leo anapika kwa gesi ya mia mbili mia tatu. Nani atake kurudi nyuma?

Lakini tutofautishe. Mtu anayenunua umeme wa LUKU Tanzania, au tokeni kule Kenya, ananunua yuniti. Zikiisha zimeisha, kama sukari iliyokwisha kopoani, na hakuna anayelalamika kwamba ameonewa. Paneli si sukari. Jua halidaiwi na kampuni. Simu uliyoilipia robo tatu haijatumika ikaisha. Ni mali, na robo tatu ya mali hiyo ni jasho lako. Kinachofanyika sasa ni kuichukulia mali kana kwamba ni yuniti, na mchanganyo huo unazidi kuenea. Pikipiki za umeme zinaingia Nairobi na Kigali, na nyingi hutumia betri za kubadilishana kituoni. Dereva anaweza kumiliki pikipiki asimiliki betri. Siku akizuiwa kubadilisha betri, anachomiliki ni chuma na matairi mawili.

Sheria za zamani zililiona jambo hili mapema. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inasema kwamba kwa mikataba inayohusika nayo, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kuja kuichukua mali bila kwenda mahakamani. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa wakifikiria redio, cherehani, kitanda, na mtu anayekuja na mkokoteni kuvibeba. Walijua kwamba aliyelipa sehemu kubwa hivyo anastahili kusikilizwa na hakimu kabla ya kunyang'anywa. Leo mkokoteni hauji. Kitu hakibebwi, kinauawa kikiwa mikononi mwako, na kwa kuwa hakijatoka mlangoni, unaambiwa hujanyang'anywa chochote. Mama yule alikuwa amelipa zaidi ya robo tatu. Hakimu wake alikuwa kisanduku cha plastiki.

Na kisanduku hakiulizi. Hakijui kama mtandao wa pesa ulikuwa chini jana, kama kuna msiba, kama mvua imezuia bodaboda wiki nzima. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Tanzania nayo ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye haki inayofanana na hiyo. Haki hizo zipo kwenye karatasi. Sisi tunataka zishuke hadi kwenye kisanduku. Tunajua inawezekana: mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data hizo zifutwe. Wengi walidhani kilichokwishaingia kwenye mashine hakitoki.

Kwa hiyo tunadai.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, nao useme bei yote kwa jumla, wala usiishie kwenye kiasi cha kila siku kinachoonekana kidogo. Useme pia siku na saa ambayo kufuli litafunga, na siku za subira kabla yake. Kubonyeza "Nakubali" chini ya kurasa za Kiingereza ambazo hata muuzaji hajazisoma, sisi hatukuiti kukubali.

Injini isizimwe ikiwa inatembea. Hili halina mjadala wala muda wa kusubiri. Kama ni lazima kufunga, pikipiki izuiwe kuwaka ikiwa imesimama. Simu iliyofungwa iendelee kupiga na kupokea, na kutuma na kupokea pesa, maana ndiyo jembe la kutafutia hayo malipo yanayodaiwa. Kumfungia mtu jembe kisha kumdai mavuno ni dhuluma.

Aliyelipa theluthi mbili asifungiwe bila uamuzi wa mahakama, kama zamani. Kabla ya hapo awepo binadamu wa kuongea naye kwa Kiswahili, mwenye mamlaka ya kufungua, asiyekuwa wa kusoma tu majibu yaliyoandaliwa.

Na malipo yakiisha, tukabidhiwe ufunguo. Kufuli liondolewe lote, lisibaki limelala ndani ya kifaa, na fundi yeyote wa mtaani aruhusiwe kukifungua na kukitengeneza. Tunaongeza swali ambalo hatujapata muuzaji wa kulijibu: kampuni ikifilisika kesho, nani atatuma namba za kufungulia? Vifaa vinavyosubiri ruhusa kutoka kwa mitambo iliyozimwa vitakufa navyo, pamoja na vile ambavyo wenyewe walikuwa wakilipa bila kukosa. Tunataka funguo ziwekwe amana kwa mdhibiti tangu siku ya kwanza.

Wakopeshaji watatuambia kwamba bila kufuli hakuna mkopo, kwa sababu maskini hana dhamana, na kufuli ndilo dhamana. Tumeisikia hoja hiyo na ina uzito. Baadhi yetu tusingepata paneli kwa njia nyingine. Hatusemi kufuli livunjwe leo. Tunasema liwe na mipaka kama dhamana yoyote ile: hata benki inayoshika hati ya shamba haiji kung'oa mihogo usiku. Wala hatuko upande wa kukimbia madeni. Dawa ya deni ni kulipa, nasi tunaahidi kulipa. Mafundi waliojiunga nasi wameahidi pia kwamba hawatavunja kufuli la asiyemaliza deni lake, hata akiwapa mara mbili ya malipo, ilimradi upande wa pili nao ushike ahadi.

Kazi yetu ya kwanza ni daftari. Kila mwanachama aliyefungiwa ataandika tarehe na saa, kiasi alichokwisha kulipa, kiasi kilichobaki, alikuwa akifanya nini wakati huo, alimpigia nani na akajibiwa nini. Jina la kampuni liandikwe, la mwanachama lihifadhiwe. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Kila mtaa utakuwa na daftari lake, likae kwa fundi simu au kwa mama lishe, mahali ambapo watu hupita kila siku. Madaftari yakifika mia moja tutayapeleka kwa mamlaka za ulinzi wa data na benki kuu za nchi zote mbili, kwa mkono, tukisubiri kugongewa muhuri wa kupokelewa. La kwanza limekwisha kufunguliwa. Ukurasa wa kwanza ni wa yule mama: saa mbili usiku, miezi kumi na minne, mtoto alikuwa akisoma.