Utafiti wa Kwale hautakuwa wazi hadi usomeke kwa Kiswahili

TANGU miaka ya 1980, watafiti wa kichocho hawajakauka Kwale. Wamekuja kutoka Nairobi, Marekani na Japani, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na Wizara ya Afya. Wazazi wa Msambweni wamekabidhi vikopo vya mkojo wa watoto wao, wakajibu maswali na kuonyesha madimbwi wanakoteka maji.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, majibu ya utafiti huo yalikwenda wapi?

Yalikwenda majaridani. Mwaka wa 2004, kwa mfano, jarida moja la Marekani linalohusu magonjwa ya nchi za joto lilichapisha ramani ya maambukizi katika eneo la Msambweni. Ilibainika kwamba maambukizi makali yalijikusanya karibu na dimbwi lililokuwa na konokono wengi waliobeba vimelea vya ugonjwa huo.

Mama afuaye nguo ukingoni mwa dimbwi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya habari kama hiyo. Vivyo hivyo, anastahili kujua kwamba dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimkingi mtoto anayerejea majini. Asipoelezwa, mwanawe akianza tena kukojoa damu anaweza kudhani dawa ni bure, na siku wagawaji watakaporudi shuleni amzuie asinywe.

Ni kweli kwamba ulimwengu wa sayansi umejitahidi kubomoa ua. Mnamo 2002, wasomi waliokutana Budapest, Hungary, walitangaza azimio la kutaka makala za kitaalamu zisomwe bila malipo kwenye intaneti. Mwaka uliofuata, shirika la Public Library of Science (PLOS) lilizindua jarida lake la kwanza, na mnamo 2007 likaanzisha jingine mahususi kwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, kichocho kikiwamo.

Hata hivyo, kufungua mlango si kumkaribisha mgeni. Makala hizo zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, ambacho hata mwalimu wa sekondari hukisoma kwa kigugumizi. Jambo la kutia moyo ni kuwa leseni ya majarida ya PLOS humruhusu yeyote kuzitafsiri na kuzichapisha upya, mradi awataje waandishi wake. Haki hiyo tumeiacha ilale.

Hapo ndipo wiki inapofaa. Msomaji asidhani ninazungumzia siku saba. Neno hili limetoka katika lugha ya Hawaii, maana yake ni upesi, na Mmarekani Ward Cunningham alilitumia mnamo 1995 kuita tovuti ambayo msomaji anaweza kuirekebisha papo hapo. Wikipedia ilizaliwa mwaka wa 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka wa 2003.

Wapo watakaouliza: ikiwa kila mtu anaweza kuandika, nani atazuia uongo kuhusu dawa? Mimi niliyezeeka nikisahihisha makala za wengine nina kila sababu ya kuliuliza swali hilo. Lakini wiki ina jambo ambalo gazeti halina: kila badiliko huhifadhiwa pamoja na saa yake na utambulisho wa aliyelifanya, na kosa hufutika kwa kurejesha nakala ya awali. Isitoshe, Wikipedia hairuhusu utafiti mpya utangaziwe humo. Kinachotakiwa ni kueleza yaliyokwisha kuchapishwa, chanzo kikitajwa.

Wanaotaka uhakiki zaidi wana mifano. Mnamo 2012, jarida moja la PLOS lilianza kuchapisha makala zilizopimwa na wataalamu, kisha nakala zake zikawekwa Wikipedia. WikiJournal of Medicine, lililoanza mwaka wa 2014, nalo hupitisha makala kwa wataalamu kabla ya kuzikubali.

Si kila kitu kinafaa kuanikwa, hata hivyo. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, wazee wanahifadhi ujuzi wa miti na mizizi. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2008, na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2016 inalinda maarifa ya jadi. Atakayemwaga maarifa hayo mtandaoni bila idhini ya wenyewe huenda akawa amewatengenezea wafanyabiashara wa dawa njia ya bure. Pia, siri za wagonjwa zibaki siri.

Lakini matokeo yaliyotokana na mkojo na damu ya watu wa Kwale ni haki yao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, nacho cha 35 kinatambua haki ya kupata habari. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), ambayo ndiyo hutoa leseni za utafiti, ingeweka sharti moja dogo: kila utafiti uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uwekwe kwenye wiki, na maafisa wa afya wa kaunti wauchunge pamoja na walimu wa sayansi.

Asiye na simu ya intaneti hatasahauliwa. Ukurasa huo unaweza kupigwa chapa, ukabandikwa zahanatini na kusomwa barazani kwa Kidigo au Kiduruma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la afya ya Kwale lipo, tena limejaa. Kilichobaki ni wenye mali kusomewa.