Ufa Hauzibwi kwa Rangi

Kila likizo ya Desemba, shule nyingi nchini humwita mpaka rangi. Kuta hung'aa, wazazi hufurahi, na kabla ya mwaka kwisha ule ufa wa zamani huwa umerejea pale pale kando ya nguzo. Rangi hununuliwa tena.

Ufa huo una sababu yake. Nguzo ni ya zege, ilhali ukuta ni wa mawe au matofali. Viwili hivi havitanuki wala kunywea kwa kiasi kimoja jua liwakapo na mvua inyeshapo. Lipu iliyopigwa juu ya maungio yao huvutwa huku na huku. Nayo, ijapokuwa hustahimili kubanwa, haistahimili kuvutwa. Hatimaye hupasuka.

Dawa yake yajulikana. Kabla ya kupiga lipu, fundi hupitisha juu ya maungio ukanda wa wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye upana wa sentimita 20 hadi 30, na kuupigilia misumari pande zote mbili. Wavu sharti uzame ndani ya lipu, ili chuma kipokee mvuto usiowezwa na saruji. Ndiyo kanuni aliyoitumia Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, aliyepata hataza mwaka 1867 kwa vyombo vya kupandia maua vya saruji iliyotiwa chuma. Wazee wetu nao walichanganya nyasi katika udongo wa kukandika nyumba kwa hekima iyo hiyo.

Wapo watakaolalamikia gharama. Lakini wavu hununuliwa mara moja, rangi kila mwaka. Tatizo hasa ni kwamba fundi aghalabu hulipwa kwa ukubwa wa ukuta aliomaliza, wala si kwa kilichofichwa ndani yake. Yafaa basi bodi za shule ziutaje wavu katika mkataba, na zikague kazi kabla lipu haijaufunika.

Tahadhari moja: ufa unaopasua mawe yenyewe, au unaozidi kupanuka, huenda ukawa dalili ya msingi uliotikisika. Huo wahitaji mhandisi. Kuuficha kwa wavu na lipu ni kuhatarisha maisha ya watoto.

Kila mwanafunzi amefundishwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Itakuwa aibu ikiwa methali hiyo itaendelea kukaririwa katika madarasa ambamo wakubwa wenyewe wameipaka rangi.