Koli ikichelewa, nani alipe?



Mwezi uliopita tulipigiwa simu saa tatu asubuhi, tukaambiwa twende mbio kwenye depo ya kampuni moja ya kupeleka vifurushi hapa Bujumbura, upande wa mtaa wa viwanda. Tulidhani ni ajali. Kufika tukakuta shoferi mmoja ameshikwa na wenzake wawili, na mbele yake kijana wa mauzo, tai imekaa upande, mfuko wa shati umechanika. Waligombania koli moja tu: katoni ya vipuri vya mashine ya kusaga, ya kupelekwa Kanyosha. Mteja aliahidiwa kuipata jana yake kabla ya saa sita mchana, na asubuhi ile katoni ilikuwa bado sakafuni. Mashine yake imesimama siku nzima, akina mama wamerudi nyumbani na mahindi yao.

Jina la kampuni hatulitaji, kwa sababu mazungumzo nayo hayajaisha. Tunaiandika habari hii kwa sababu ugomvi wa namna hii tunaukuta kila mahali, na ninyi wa viwandani na mashambani mtaujua mara moja ingawa hamjawahi kubeba koli ya mtu.

Tuliwakalisha chini. Mashoferi walisema kwanza, na kwa sauti kubwa. Walisema watu wa mauzo wanakaa chini ya feni na viatu vinavyong'aa, wanamwahidi mteja mbingu na ardhi mpaka atie sahihi. Akishatia sahihi, komisheni yao imeingia. Kutoka hapo ahadi inatupwa juu ya usukani. Shoferi atoke depo saa mbili, aende Kamenge na Kinama, arudi Buyenzi atafute nyumba ambayo mwenyewe ameandika tu "karibu na msikiti", apande Kiriri, ashuke tena Kanyosha mpaka Ruziba. Simu inalia njia nzima: uko wapi, uko wapi? Mwisho wa mwezi akipokea karatasi ya mshahara anakuta mstari wa makato: koli zilizochelewa.

Na mafuta je? Hakuna asiyekumbuka mwaka 2024, magari yalivyopanga mstari mbele ya vituo vya mafuta, watu wakalala ndani ya magari, wengine wakavuka mpaka kwenda Uvira kutafuta vidumu. Shoferi wa koli alikuwa anahesabu lita kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Kabla ya hapo, Machi 2022, pikipiki, baiskeli na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na kazi ambayo kijana wa pikipiki alikuwa anaimaliza kwa robo saa ikarudi kwenye kamioneti, au ikarudi kwenye miguu. Hayo yote mteja hayasomi kwenye risiti.

Halafu wakasema watu wa mauzo. Hapa tunataka kusema kweli: sisi tulikwenda pale tukiwa tumeshaamua. Sendika yetu katika kampuni ile ilianza na mashoferi na wapakiaji, hao ndio watu wetu, na wengi wetu tulishika usukani kabla ya kushika kalamu. Tulitaka kuwasikiliza wale wengine kwa adabu, kisha tuwaonye.

Alisimama dada mmoja, mwenye diploma yake, akasema taratibu: "Wazee, mnadhani sisi tunalala." Akatoa kontra yake akaiweka mezani. Mshahara wa msingi ulioandikwa pale ni mdogo kuliko wa mpakiaji. Kinachobaki chote ni komisheni, na komisheni haitoki mpaka mtu afikishe lengo la mwezi. Asipolifikisha, hata wateja aliowaleta hawahesabiwi. Namba ya simu iliyochapwa kwenye kadi si ya kampuni, ni yake yeye, na vocha ananunua yeye. Koli ikichelewa anatukanwa yeye, saa nne za usiku, mbele ya watoto wake. Na mteja akikasirika akavunja mkataba, komisheni aliyopewa mwezi uliopita inarudishwa.

Hili la mwisho mashoferi hawakulijua. Hata sisi hatukulijua.

Basi tukafanya jambo ambalo lilikuwa la kufanywa tangu mwanzo. Tukachukua karatasi ya mshahara ya shoferi na kontra ya yule dada, tukaziweka pamoja, tukaanza kuuliza maswali ya mtoto wa shule. Koli imechelewa: shoferi amekatwa. Pesa ile imekwenda wapi? Kwa mteja? Hapana, mteja hakurudishiwa hata faranga moja. Kwa mwuzaji aliyepoteza komisheni? Hapana. Mteja amevunja mkataba: mwuzaji amenyang'anywa komisheni. Imekwenda kwa shoferi aliyehangaika? Hapana. Koli moja imechelewa, watu wawili wamekatwa, na pesa zote mbili zimelala katika sanduku moja. Chumba kilinyamaza. Yule shoferi mwenye hasira akaitazama karatasi yake kama anaiona kwa mara ya kwanza.

Tukauliza tena: hii ahadi ya "siku ileile, kabla ya saa sita" nani aliitunga? Watu wa mauzo wakaleta karatasi ya bei. Imechapwa na uongozi, ina muhuri wa kampuni, na ahadi imeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa. Wauzaji hawakuitunga, walipewa waisome. Ilichapwa wakati magari yote ya depo yanatembea. Siku zile za ugomvi mafuta yaliyotolewa yalitosha magari machache tu, mengine yameegeshwa yanakula vumbi, lakini karatasi ya bei ni ileile. Aliyeweka sahihi ya kupunguza mafuta ndiye aliyeacha ahadi ibaki, na yeye hakatwi.

Hatusemi wafanyakazi hawana makosa. Wako mashoferi wanaozima simu makusudi. Wako wanaobeba mizigo ya pembeni, wakamaliza mafuta ya kampuni kwa biashara yao, kisha koli ya mteja inasingiziwa foleni. Tumewaambia usoni: sendika haitasimama mahakamani kwa ajili ya mambo hayo. Na wako watu wa mauzo wanaomwita shoferi mjinga kwa sababu hajui Kifaransa, wanaomwamuru kama mtoto wa nyumbani wakati baba huyo amewazidi miaka ishirini. Matusi hayo yaliuma kuliko makato. Shoferi yule alitwambia baadaye kwamba hakumshika kijana kwa sababu ya katoni. Alimshika kwa sababu ya neno.

Jambo la lugha tulikalie kidogo. Tangazo la makato lilibandikwa depo kwa Kifaransa peke yake. Mashoferi wanazungumza Kiswahili na Kirundi. Walipewa karatasi, wakaambiwa tieni sahihi, wakatia. Sisi wenyewe tuliishia darasa la sita, tunajua aibu ya kumwomba mtu akusomee karatasi mbele ya wengine. Afadhali utie sahihi uondoke. Wale ambao wangeweza kuwasomea walikuwa chumba cha pili, ni hao hao watu wa mauzo, lakini hakuna aliyewaomba na wao hawakujitolea. Ukuta ule wa mbao kati ya depo na ofisi umemsaidia mwajiri kuliko mwanasheria wake.

Ndugu zetu wa chai kule Teza na Rwegura, ninyi mnamjua mtu wa mizani. Mchumaji ametembea mteremko tangu alfajiri, kapu limejaa, mizani inasoma pungufu ya alivyotegemea, na jina la mpimaji linatukanwa mpaka jioni. Mara nyingine mpimaji ni mwizi, tusifichane. Lakini mara nyingi kuna amri imetoka juu kwamba majani yenye maji yapunguzwe kiasi fulani, na yeye akikataa atafukuzwa. Ninyi wa miwa huko Moso mnajua habari ya anayekata na anayehesabu. Viwandani kuna mtu wa mashine na mtu wa kukagua. Kila penye kazi kuna mahali ambapo jasho linageuzwa kuwa namba, na hapo huwekwa mfanyakazi mwenzetu awe ngao.

Tulipokutana na mkurugenzi, alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Akasema mshahara wa msingi wa wauzaji uko juu ya kiwango cha chini cha sheria. Ni kweli. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, na 105 vijijini, kikakaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Hata anayempa mtu nauli tu anaweza kujisifu kwamba amepita kiwango hicho. Akasema pia kwamba makato si adhabu, ni "utaratibu wa ubora". Tukamkumbusha kwamba Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 95 wa mwaka 1949, lilikwisha kusema mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, au makubaliano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Ubora haumo. Na nchi yetu ina Kanuni ya Kazi mpya tangu Novemba 2020. Tulimwomba atuonyeshe kifungu alichotumia. Akaahidi kutafuta.

Wengine watasema shoferi na karani wa mauzo hawawezi kuwa kitu kimoja. Tuwakumbushe habari mbili. Januari 1947 kule Mombasa mgomo haukuwa wa makuli wa bandari peke yao; waliingia watu wa reli, wa hoteli, na watumishi wa nyumbani, na mji ukasimama siku kumi na mbili. Wapishi na makuli hawakuwa wakila meza moja. Ya pili ni ya koli hasa: Agosti 1997, Marekani, kampuni ya UPS. Wafanyakazi 185,000 waligoma siku 15, na jambo kubwa waliloligombania lilikuwa vibarua wa nusu siku wanaopanga mizigo usiku. Mashoferi wa kudumu walikuwa na mishahara mizuri, wangeweza kusema hayo si yetu. Hawakusema. Marubani wa ndege za kampuni, watu wenye mishahara mikubwa zaidi na chama chao wenyewe, nao walikataa kurusha ndege. Mameneja wakashikishwa usukani wa magari ya koli, na mzigo mwingi ukabaki umelala. Mwishowe kampuni ilikubali kuunda nafasi 10,000 za kazi ya siku nzima kutoka katika zile za nusu siku.

Sisi hatujafika huko, na katika depo ile hakuna aliyetaja mgomo. Tulichoandika ni barua moja, yenye sahihi za pande zote mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika kampuni ile. Tumeomba kila asubuhi, saa moja, kabla gari la kwanza halijatoka, shoferi mmoja na mtu mmoja wa mauzo wakae na mgawa mafuta, waseme leo tunaweza kufika wapi na kwa saa ngapi, na mteja aahidiwe hilo, asiahidiwe jingine. Tumeomba makato ya kuchelewa yasimamishwe mpaka mhusika asikilizwe. Tumeomba kila tangazo la mshahara liandikwe pia kwa Kirundi na Kiswahili, na yule dada wa diploma amejitolea kufasiri bila malipo, ingawa tumemwambia asiizoeshe kampuni kazi ya bure.

Kuhusu komisheni hatukukubaliana. Mashoferi walitaka igawanywe kwa wote wanaoigusa koli, tangu mwuzaji mpaka mpakiaji. Watu wa mauzo wakasema, mtuongezee kwanza mshahara wa msingi, ndipo tugawane. La sivyo mtakuwa mmegawa njaa. Sisi tunaona wana haki katika hilo, lakini tumeshindwa kuwashawishi mashoferi wote, na wako waliotoka mkutanoni wakinung'unika kwamba sendika imenunuliwa na watu wa tai. Mtu mmoja amerudisha kadi yake. Tumeipokea kwa uchungu, tumeiweka mezani, hatujaifuta.

Uongozi umejibu jambo moja tu mpaka sasa: matangazo yatabandikwa kwa lugha tatu. Kuhusu makato wameomba muda. Katoni ya Kanyosha ilipelekwa siku ileile ya ugomvi. Shoferi na kijana walipanda gari moja, kwa sababu mteja alikuwa amesema hatapokea mzigo bila kumwona aliyemdanganya. Kijana akamweleza mteja habari ya mafuta, na mteja, ambaye naye alikuwa amepanga foleni ya mazuti ya mashine yake, akawapa maji ya kunywa. Shati limeshonwa kwa fundi mmoja wa Buyenzi. Shoferi alilipa.

Mkutano wa pili ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, palepale depo. Wenye karatasi za mshahara za miezi mitatu iliyopita waje nazo, mashoferi na wauzaji, tuhesabu pamoja kiasi kilichokatwa kabla ya kumrudia mkurugenzi.