Faini ya kamera: bodaboda hukimbia, mwenye pikipiki hulipa

HABARI iliyotoka Kampala Juni 2025 huenda iliwapita wafanyabiashara wengi wenye pikipiki mbili au tatu barabarani. Serikali ya Uganda ilianza kutoza faini za mwendo kasi kwa kutumia kamera, bila askari kumsimamisha mtu, na kabla mwezi haujaisha Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha mpango huo kutokana na kelele za wananchi. Waliosoma habari hiyo waliichukulia kuwa ni ugomvi wa wenye magari na polisi wao. Kwa mwenye mtaji uliofungwa kwenye bodaboda, hata hivyo, ilikuwa ni habari ya biashara, na inafaa kuangaliwa upya kabla teknolojia hiyo haijamfikia mlangoni.

Viwango vyenyewe vilikuwa hivi. Aliyezidisha mwendo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa alitakiwa kulipa Sh 200,000 za Uganda, ambazo kwa bei ya fedha ya wakati ule zilikaribia dola 55 za Marekani. Aliyezidisha zaidi ya hapo alitakiwa kulipa Sh 600,000. Katika baadhi ya maeneo ya mjini kikomo kilikuwa kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao bodaboda yenye abiria mmoja huufikia kabla hata dereva hajamaliza kubadilisha gia. Watu walilalamika kwamba alama za barabarani hazikuwepo au hazikuonekana, na kwamba mtu aliweza kupata faini zaidi ya moja kwa siku moja.

Kwa kulinganisha, Tanzania iliamua mwaka 2021 kwenda upande mwingine. Katika bajeti ya 2021/22, faini ya bodaboda na bajaji ilipunguzwa kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000 kwa kosa, kwa hoja kwamba adhabu ya gari haiwezi kuwa sawa na adhabu ya chombo kinachoingiza fedha kidogo kiasi kile. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Faini inayozidi uwezo wa mkosaji hailipwi. Hukwepwa au huzungumzwa pembeni ya barabara.

Lakini ukubwa wa faini si jambo kubwa kuliko yote katika suala hili. Jambo kubwa ni nani anayeletewa hati.

Askari mwenye tochi akimsimamisha dereva, faini humkuta aliyeshika usukani. Ni yeye anayechelewa, ni yeye anayekosa abiria, na mara nyingi ni yeye anayelipa kutoka mfukoni kabla hajapeleka hesabu jioni. Kamera haimjui dereva. Kamera inajua namba, na namba ina jina la mtu kwenye kumbukumbu za usajili. Katika biashara ya bodaboda, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, jina hilo mara nyingi si la aliyekuwa juu ya pikipiki. Ni la tajiri wake, au la aliyemuuzia tajiri wake, au hata la mtu wa nyuma ya huyo ambaye aliuza miaka mitatu iliyopita na hajui chombo kiko mkoa gani.

Wataalamu wa uchumi wanalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine nyingi. Mwendo kasi kwa bodaboda ni bidhaa. Dereva wa mkataba hupeleka hesabu ile ile kila siku, abiria wapatikane au wasipatikane, kwa hiyo faida yake yeye inaanzia pale hesabu inapotimia. Safari moja zaidi kabla ya magharibi ndiyo chakula cha nyumbani. Ndiyo maana anakimbia. Kamera inakusudia kuupandisha bei mwendo huo, ili aliyekuwa akiona faida kukimbia aone hasara. Iwapo bei hiyo mpya inalipwa na mtu mwingine, kwa dereva mwendo unabaki bila gharama, na kamera haijapunguza kasi hata kwa kilomita moja. Imekusanya fedha tu.

Tuseme mwenye pikipiki tatu anapokea hesabu ya Sh 10,000 kwa kila moja, kwa siku. Kwa siku sita za kazi anapata Sh 180,000 kabla ya kutengeneza chochote. Hati moja ya kiwango cha chini cha Kampala, ikigeuzwa kwa fedha za Tanzania, ingechukua zaidi ya Sh 140,000. Mapato ya karibu wiki nzima ya pikipiki zote tatu yangeondoka kwa sekunde chache za dereva mmoja, naye mwenye mali angepata habari hizo siku kadhaa baadaye. Akimbana dereva, dereva atauliza kwa haki kabisa ushahidi uko wapi kwamba ni yeye na si deiwaka aliyemshikia alipokwenda kula. Akimkata kwenye mkataba, dereva anaweza kuiacha pikipiki kijiweni na kuhamia kwa tajiri mwingine. Hakuna benki inayomkopesha mtu pikipiki iliyowahi kuweka hatari hiyo kwenye hesabu zake za zamani, kwa sababu haikuwepo.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba kamera za Kampala, tofauti na za miji mingi, zilizaliwa na pikipiki. Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa juu wa polisi, aliuawa kwa risasi na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa kwa namna hiyo hiyo. Juni 1, 2021 ikawa zamu ya Jenerali Edward Katumba Wamala, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, ambaye alinusurika akiwa na majeraha lakini binti yake na dereva wake wakafa. Baada ya kifo cha Kaweesi serikali iliingia katika mradi wa kamera za usalama uliotekelezwa na kampuni ya Huawei ya China kwa dola milioni 126. Julai 2021, wiki chache baada ya shambulio dhidi ya waziri, ulisainiwa mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, wa vibao vya namba vyenye uwezo wa kufuatiliwa, kwa magari na pikipiki pia.

Na waziri ambaye wizara yake ilisimamisha faini za kamera Juni 2025 alikuwa Katumba Wamala huyo huyo. Kama kuna mtu Uganda mwenye sababu ya kutaka kila pikipiki itambulike, ni yeye. Kwamba hata chini yake mpango ulirudishwa mezani inaonyesha jinsi ulivyokuwa umeanza vibaya.

Madereva waliona mapema kile ambacho maofisa hawakupenda kukisema. Mtambo ulioelezwa kwa umma kuwa ni wa kuwasaka wauaji ulikuwa sasa unatoa ankara. Hapo mtu haangalii tena usalama, anaangalia biashara ya nani inafanyika. Inapokuwa kampuni binafsi imeweka mtaji wake kwenye mitambo na inasubiri kuurudisha, swali hilo haliwezi kuitwa la wakorofi.

Jibu la barabarani kwa kamera linajulikana katika kila kijiwe na halihitaji shule. Kibao hukunjwa kikatazama angani. Hupakwa grisi kikashika vumbi. Mzigo hufungwa nyuma ukaning'inia hadi tarakimu mbili zikapotea. Watu wa usalama huviita vitendo hivi uhalifu, na kisheria ni kosa kweli. Kibiashara ni kinga ya bei nafuu dhidi ya faini kubwa, na mwenye mali anaposhauriwa na dereva wake "tuiache hivyo hivyo, bosi" mara nyingi hunyamaza. Kunyamaza huko kuna gharama yake. Pikipiki yenye kibao kisichosomeka ikiibiwa haitafutiki, na ikigonga mtu, kampuni ya bima itakuwa na swali la kuanzia.

Waingereza walipitia njia hii mapema. Kamera yao ya kwanza ya mwendo ilifungwa mwaka 1992 magharibi mwa London, karibu na daraja la Twickenham. Mtambo uliozoeleka huko ni wa Gatso, wenye jina la Maurice Gatsonides wa Uholanzi, ambaye hakuwa askari wala mhubiri wa usalama. Alikuwa dereva wa mbio za magari, mshindi wa Monte Carlo Rally ya 1953, na alibuni kifaa cha kupima mwendo ili ajue namna ya kukata kona kwa kasi zaidi. Gatso hupiga picha kwa nyuma. Aina nyingine, Truvelo, hupiga kwa mbele, na hapo waendesha pikipiki wa Uingereza walicheka kwa muda mrefu, kwa kuwa tangu 1975 pikipiki zao hazilazimiki kuwa na kibao cha mbele. Kibao hicho kiliondolewa kwa sababu ncha zake ziliwajeruhi waenda kwa miguu. Kamera ya mbele ilipata picha nzuri ya kofia ya chuma na hakuna zaidi.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo Waingereza walilipanga kabla hawajafunga kamera, na ndilo lililokosekana katika mjadala wa Kampala. Kifungu cha 172 cha Sheria yao ya Barabara ya 1988 kinamtaka mwenye chombo kumtaja aliyekuwa akiendesha. Akimtaja, hati inamfuata dereva. Akikataa, mwenye chombo ana kosa lake mwenyewe. Kwa njia hiyo bei ya mwendo inarudi kwa mwenye kuutumia. Jambo la pili walijifunza wakiwa njiani. Kuanzia mwaka 2000 ushirika wa polisi na halmashauri uliruhusiwa kujirudishia gharama za kamera kutoka kwenye faini. Kwa masharti, ziada ilikwenda Hazina, kamera zilipakwa rangi ya njano zionekane, na zilitakiwa kuwekwa mahali penye rekodi ya ajali. Pamoja na masharti yote hayo wananchi waliendelea kuamini kuwa ni mtego wa fedha, na utaratibu huo ukafutwa Aprili 2007.

Wafaransa nao walianza kamera za kujiendesha mwaka 2003. Vifo vya barabarani, vilivyozidi 7,000 mwaka 2002, vilishuka chini ya 4,000 kufikia 2010, na ingawa kamera hazikufanya kazi hiyo peke yake, ni vigumu kusema hazikuchangia. Lakini Julai 2018 kikomo cha barabara nyingi za vijijini kiliposhushwa hadi kilomita 80 kwa saa, chama cha waendesha pikipiki wenye hasira, FFMC, kikawa miongoni mwa waliopinga barabarani. Mwaka huo huo likaja vuguvugu la vizibao vya njano, na Januari 2019 Waziri wa Mambo ya Ndani, Christophe Castaner, alitangaza kuwa karibu asilimia 60 ya kamera zimeshambuliwa au kuharibiwa. Kwa hiyo mtambo unaweza kuokoa maisha na bado ukachomwa moto. Mwekezaji anayetaka kuingia katika biashara ya mitambo hiyo aweke hilo kwenye hesabu ya uchakavu.

Hayo yote hayana maana kwamba bodaboda ziachwe. Uganda ilipoteza watu zaidi ya 5,000 barabarani mwaka 2024, na waendesha pikipiki na abiria wao walikuwa miongoni mwa makundi yaliyoumia zaidi. Anayesema kamera zisije kabisa anawatetea madereva vibaya, kwani wao ndio wanaokufa. Kinachostahili kudaiwa ni mpangilio. Sheria ya kumtaja dereva itangulie mitambo. Alama za mwendo zitangulie hati. Faini ya pikipiki iwe na uwiano na kipato cha pikipiki, kama Tanzania ilivyokwisha kuamua. Na malipo ya mkandarasi yasipimwe kwa idadi ya waliokosea, maana mkandarasi wa namna hiyo ataomba kamera ziwekwe mteremkoni, mahali ambapo kila mtu hukosea, badala ya njia panda ambapo watu hufa.

Wenye pikipiki, kwa upande wao, hawana haja ya kusubiri bunge lolote. Mikataba mingi ya bodaboda ni karatasi moja yenye hesabu ya siku, muda wa kumaliza na sahihi mbili. Haisemi lolote kuhusu deiwaka. Haisemi faini inayokuja baada ya dereva kuondoka italipwa na nani. Daftari la kuandika nani alichukua chombo saa ngapi na kukirudisha saa ngapi linagharimu fedha kidogo kuliko lita moja ya petroli, na siku hati itakapokuja ndilo litakuwa ushahidi pekee wa mwenye mali. Dhamana ndogo inayowekwa mwanzoni mwa mkataba, ikarudishwa mwishoni kama hakuna deni, ni jambo ambalo madereva waaminifu hawalikatai iwapo limeelezwa mapema.

Soko la pikipiki zilizotumika ndilo litakaloguswa kwanza. Deni la faini huangaliwa kwa namba ya chombo, na mnunuzi mwangalifu Dar es Salaam huangalia kabla ya kutoa fedha. Wauzaji ndio wamelala. Maelfu ya shilingi wanayookoa kwa kuacha kadi kwenye jina lao la zamani yanawaacha wakiwa wamiliki, kwenye kumbukumbu, wa chombo wasichokiona, kinachoendeshwa na mtu wasiyemjua. Aliyeuza na hajabadilisha kadi amtafute mnunuzi wake waende TRA pamoja, na anayeuza wiki hii asikabidhi ufunguo hadi hilo limefanyika.