Mpira kugeuzwa plastiki: Faida itamfikia mgemaji?

MWAKA 2011, kilo moja ya mpira ghafi katika soko la dunia ilipita dola 5 za Marekani. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa chini ya dola 2. Mti wa mpira huchukua miaka sita hadi saba kabla ya kugemwa, hivyo aliyepanda kwa kuvutiwa na bei ile alianza kuvuna ikiwa imekwishaanguka.

Hofu hiyo ndiyo inayozifanya nchi zinazozalisha mpira zitafute bidhaa nyingine ya kuuza badala ya utomvu mtupu. Malaysia ni mfano mzuri. Tangu miaka ya 1950, mpira wake umekuwa ukipandikizwa akriliki, plastiki inayoangaza kama kioo. Kazi hiyo inafanana na kubebesha miche ya maembe: shina ni mpira, matawi ni akriliki. Akriliki peke yake ni ngumu lakini hupasuka upesi ikigongwa. Mpira ukiwamo ndani, huzuia ufa usiendelee.

Tatizo ni uangavu. Mpira na akriliki havipindishi mwanga kwa kiasi kimoja, hivyo mchanganyiko huwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa. Viwanda hutibu kasoro hiyo kwa kurekebisha viambato mpaka vilingane. Ni rahisi kufanya hivyo kwa mpira unaotokana na mafuta ya petroli kuliko ule wa shambani, ambao pia huwa na protini na hubadilika rangi juani. Ndiyo maana plastiki angavu na imara hutumia zaidi mpira wa viwandani, huku ule uliopandikizwa wa Malaysia ukienda zaidi kwenye gundi na vifaa vigumu.

Kwa Tanzania, yenye mashamba ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro, somo liko wazi. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilisimama mwaka 2009, na kutegemea mnunuzi mmoja ni hatari. Hata hivyo, habari za plastiki mpya zisimfanye mkulima apanue shamba kwa mkopo.

Faida ya kwanza iko karibu zaidi: vikombe safi, utomvu kutiwa amonia mapema usigande, na wagemaji kuuza kwa pamoja. Kiwanda chochote, kiwe cha gundi au cha matairi, huanza kwa kukagua usafi wa malighafi. Mwenye utomvu mchafu hana sauti mbele ya mnunuzi.