VIJANA WA VIBAO WAPEWE KAZI KABLA YA MASHINE



Naomba nafasi katika gazeti letu la ukutani ili nami nitoe maoni juu ya ombi la vijana wetu wanne wanaotaka kuanza kazi ya kuandika vibao. Ombi lao lilisomwa katika mkutano wa wanachama na litarudi tena mkutano ujao. Wanaomba ushirika uwakopeshe fedha wanunue mashine ya kukata herufi za stika pamoja na kompyuta ya kuiendesha. Toka siku ile maneno hayaishi, kisimani, kijiweni, hata kwenye foleni ya mizani. Kuna wanaosema wapewe kwa kuwa ni watoto wetu. Kuna wanaosema hawa hawajapata kuandika hata kibao kimoja, kwa hiyo waende mjini wakakae na fundi miaka miwili ndipo warudi kuomba.

Mimi sikubaliani na upande wowote. Mashine wasikopeshwe. Mjini nako wasipelekwe. Wapewe kazi hapa hapa kijijini, na kazi hiyo walipwe.

Ndugu wanaushirika, mashine ile haijui kuandika. Inakata herufi kama mtu alivyozipanga kwenye kompyuta. Aliyezipanga vibaya itamkatia vibaya, tena upesi, tena kwa stika ya bei mbaya. Stika zenyewe hapa hakuna, ni za kuagiza mjini. Kisu cha mashine kinakuwa butu, kinataka kingine. Umeme ukikatika kazi imelala, lakini deni halilali. Na fedha ya ushirika inatokana na makato ya kila kilo ya korosho tunayoleta ghalani, siyo fedha iliyookotwa.

Hebu kila mmoja ahesabu mwenyewe milango ya biashara kutoka njia panda hadi mashine ya kusaga: maduka, vinyozi, migahawa, fundi baiskeli, duka la dawa. Ukimaliza kuhesabu, kumbuka kwamba kibao kizuri hukaa miaka mitatu au minne kabla mwenyewe hajataka kingine. Mashine ya namna ile inataka kazi kila siku. Hapa kwetu itapata kazi mwezi mmoja, halafu itafunikwa kanga.

Mteja akitaka bango kubwa la plastiki lenye picha, la harusi au la kufungua duka, vijana waipokee kazi bila mashine. Wakubaliane naye maneno, wapime mahali litakapokaa, watume mchoro kwa simu kwa wenye mashine mjini, bango likija walitundike wenyewe. Waongeze chao kidogo juu ya bei ya mjini. Hapo mashine ni ya mwingine na umeme ni wa mwingine.

Sasa nije kwa wale wanaosema ujuzi kwanza. Ujuzi nauheshimu. Lakini hawa vijana ni wakulima. Ifikapo Juni mikorosho inataka salfa, la sivyo ubwiri unga unakula maua. Oktoba ni kuokota na kukusanya. Nani atawafanyia hayo wakiwa mjini wanamchanganyia fundi rangi na kumnunulia chai? Wao wenyewe wamesema wanataka kazi ya pembeni, ya kupata fedha ya sabuni na karo za wadogo zao kabla mnada haujafunguliwa. Kazi ya namna hiyo mtu anajifunza huku jembe liko mkononi.

Huku kusini mfano tunao. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, jirani zetu. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa ametoka shule yoyote ya uchoraji. Alichukua vipande vya hadibodi vya mraba, kama sentimita 60 kila upande, akapaka rangi ya baiskeli. Picha zikauzwa Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores. Akawafundisha ndugu zake vijana, na alipofariki mwaka 1972 wao wakaendelea, na leo uchoraji wa aina ile unaitwa Tingatinga duniani kote. Miaka minne tu ile, jamani.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Tingatinga alichora wanyama na ndege. Ndege mwenye shingo ndefu kupita kiasi ni mapambo. Herufi iliyopinda siyo mapambo, mtu anashindwa kuisoma basi. Kwa hiyo ugeni wa vijana hawa katika kazi usifichwe. Wana mengi ya kujifunza, na mimi nasema mengi yake yanajifunzika chini ya mwembe kwa vipande vya hadibodi vilivyobaki kwa seremala.

Kosa la anayeanza mara nyingi haliko mkononi, liko kwenye nafasi. Anaanza upande wa kushoto kwa herufi kubwa za majivuno, akifika katikati anaona ubao unakwisha. Unasoma DUKA LA PEMBE, halafu JEO imebanwa pembeni kama abiria wa mwisho kwenye gari la mnadani. Watu wanacheka, lakini mwenye duka amelipa. Dawa yake ni kuandika maneno yote kwanza kwenye karatasi, kuhesabu herufi pamoja na nafasi za kati, ndipo kugawa upana wa ubao. M inataka nafasi kubwa, I inataka ndogo. W na A zikifuatana, kama katika neno DAWA, zinaonekana zimeachana hata kama rula inasema sawa, kwa hiyo zisogezwe. Hapo jicho ndilo fundi.

Mistari ipigwe kwa uzi uliosuguliwa chaki: wawili wanaukaza, mmoja anauvuta kidogo na kuuachia, mstari umenyooka. Kisha herufi zote zichorwe kwa chaki kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Halafu mchoraji aende hatua ishirini ageuke aangalie. Asiyependa kutembea hatua ishirini na aache kazi hii. (Mwandishi wa gazeti letu naye angetumia huo uzi, maana mistari ya toleo lililopita ilikuwa inapanda kilima. Anisamehe, ni utani.)

Halafu ukubwa. Herufi yenye urefu wa sentimita 10 inasomeka vizuri kutoka mita kama 30. Ya sentimita 3 ni ya mtu aliyekwisha kusimama mlangoni. Na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda hasomi barua. Kibao cha barabarani kikiwa na maneno matatu kinatosha, lakini wenye maduka wetu wanataka yaandikwe yote, sukari, chumvi, vocha, misumari, mafuta ya taa, na jina la babu. Kijana ajifunze kumwambia mteja hapana kwa adabu. Rangi nyeusi au buluu iliyokolea juu ya nyeupe, au nyeusi juu ya njano, haina matatizo. Njano juu ya nyeupe haionekani kabisa. Nyekundu inavutia lakini kwa jua letu hili ndiyo nyingi zinazowahi kupauka.

Bati jipya linalong'aa halishiki rangi vizuri. Lioshwe mafuta yatoke, lisuguliwe kwa msasa, lipakwe kwanza rangi ya msingi inayofaa bati, ndipo rangi yenyewe mara mbili, na kila mara ikauke kabisa. Bila hivyo rangi itabanduka kama ganda la muhogo. Na rangi isichanganywe na petroli, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwa kubana matumizi. Inapoteza mng'ao, tena moto wake hauna simile. Masika rangi haikauki, kwa hiyo masika ni wakati wa kujifunza barazani. Kuanzia Mei kukishakuwa kukavu ndiyo waingie kazini, ila wajihadhari na upepo wa Julai unaoleta vumbi kwenye rangi mbichi.

Tahajia nayo si jambo dogo. Tunaona vibao vimeandikwa LEJALEJA badala ya REJAREJA, na KALIBU badala ya KARIBU, kwa sababu mchoraji aliandika alivyosikia. Kijana aandike maneno ya mteja kwenye daftari, ampe mwalimu wa shule ayasome, kisha mteja atie sahihi chini yake. Siku ya mabishano daftari litasema.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linalonifanya niandike makala yote hii. Nendeni mkaangalie mlango wa chumba kinachowekwa salfa na dawa za kupulizia mikorosho. Neno HATARI limefutika, limebaki TARI. Mtoto anayeletwa na mama yake kwenye mizani anasoma nini pale? Chumba kile kiko pembeni ya ndoo ya maji ya kunywa ya wapagazi. Kwenye kisima cha zamani hakuna kibao kabisa, na sote tunajua maji yale hayafai kunywa, lakini mgeni hajui. Kwenye mizani hakuna maandishi yanayomwambia mkulima kwamba ana haki ya kuona namba kabla gunia halijashushwa na kupewa stakabadhi yake. Bei ya mnada tunaiandika kwa chaki ukutani, mvua ya Novemba ikipiga imekwenda, mzee anayetoka kitongoji cha mbali anauliza anajibiwa na kila mtu namba yake. Tuna upungufu wa vibao vitano ndani ya ushirika wenyewe, halafu tunajadili kukopesha mashine!

Kwa hiyo vibao hivyo vitano ndivyo viwe shule yao. Lakini nasisitiza walipwe. Nasikia wengine wanasema waandike bure kwanza tuone, si wanajifunza? Rangi hawapewi bure dukani. Mtu aliyefanya kazi ya bure mara moja anaombwa bure tena na mjomba, na shangazi, na jirani, na mwisho wa mwaka kopo limekwisha na mfukoni hamna kitu. Tuseme bati na mbao ni shilingi 20,000, rangi na msasa 12,000, na kazi ni siku mbili. Mkitaja 35,000 ili mpendwe, mmefanya kazi siku mbili kwa 3,000, na brashi imechakaa. Bei ihesabiwe vifaa kwanza, kisha siku za kazi kwa kiwango ambacho kibarua wa kupalilia analipwa, kisha kidogo cha brashi na cha mtaji. Nusu ya fedha, au walau fedha yote ya vifaa, itangulie kabla ya kazi. Ndugu akilalamika aonyeshwe daftari.

Lakini kibao kikiharibika kwa makosa yao, wakirudie kwa gharama yao. Nalo hilo liandikwe. Kulipwa na kuwajibika viende pamoja.

Tena wajue mahali pa kusimika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kibao kikisimikwa humo bila kibali kinaweza kung'olewa, na mteja atakuja kumdai mchoraji. Kabla ya kuchimba shimo wamwone Afisa Mtendaji wa Kijiji awaelekeze.

Katika mkutano ujao nitaleta hoja ifuatayo, na naomba mwenye hoja bora aibandike hapa kando ya yangu. Ushirika uwape vijana kazi ya vibao vitano, kimoja kimoja, kibao cha pili kisianze kabla cha kwanza hakijakaguliwa na kulipwa. Ukopeshe vifaa tu: brashi za upana mbalimbali, rangi za aina tatu, msasa, rula ndefu na bati. Deni hilo likatwe kidogo kidogo katika malipo ya vibao, kwa hiyo hakuna atakayekimbia nalo. Baada ya msimu mmoja wakiwa na daftari lenye kazi zao, bei zao na picha za vibao walivyosimika, wataweza kuunda kikundi na kuomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 4 ya vijana, na watakuwa na cha kuonyesha mezani. Wakati huo wakitaka mashine, watajua wenyewe kama inalipa.

Kibao cha mlango wa dawa ndicho kianze, kabla salfa ya msimu huu haijaletwa.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mkulima wa korosho, kitongoji cha juu.