Nyumba Mnaikagua, Ardhi Mmemwachia Nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Washington, Marekani.

YAH: MISINGI YA NYUMBA ZA TRELA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Iowa, kwa Kiswahili, kwa sababu majirani zangu wengi waliotia saini barua hii ni watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura, na sikutaka mtu aweke saini kwenye kitu asichokielewa. Tafsiri ya Kiingereza imeambatanishwa, hivyo lugha isiwe sababu ya barua kukaa kwenye trei.

Nyumba zetu zinatengenezwa kiwandani zikiwa na chasisi ya chuma, zinavutwa na lori hadi kiwanjani, kisha zinawekwa juu ya nguzo. Tangu tarehe 15 Juni 1976 kila nyumba ya aina hii lazima ifuate kanuni za Wizara yako: nyaya, mabomba, uwezo wa paa kubeba theluji, uimara wa kuta mbele ya upepo. Ukaguzi unafanyika humo humo kiwandani, na hakuna kipande cha nyumba kinachotoka bila kibati chekundu cha kuthibitisha. Kazi hiyo siibezi. Aliyewahi kupitisha majira ya baridi kwenye trela ya kabla ya mwaka huo anaijua tofauti.

Shida inaanza lori likishaondoka.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na mlango wa bafu ambao kila ifikapo mwezi wa tatu ulikataa kufunga, na ikifika Agosti unafunga vizuri kabisa. Akaambiwa ni unyevu wa mbao. Fundi akaja akaukwangua. Mwaka uliofuata mlango ukakwama tena, safari hii na nyufa mbili kwenye pembe za dirisha la sebuleni. Tukaondoa sketi, zile paneli za plastiki zinazozunguka nyumba kwa chini, tukaingia na tochi. Karatasi ya nailoni inayotakiwa kufunika udongo ilikuwa imechanwa, nadhani na fundi bomba wa zamani, na haikurudishwa. Maji ya paa yalikuwa yanateremka kwenye kona na kutuama chini ya nyumba. Nguzo ya tatu kutoka kona, tofali za saruji zilizopangwa kavu bila chokaa wala saruji ya kuunganishia, ilikuwa imeinama. Kabari ya mbao ilikuwa imechomoka, na kati ya tofali la juu na boriti ya chuma nilipitisha mkono. Nguzo hiyo haikuwa imebeba chochote. Mzigo wake ulikuwa umehamia kwa jirani zake wawili, nao walikuwa wanazama.

Chanzo chake hakina maajabu. Udongo wa hapa ni mfinyanzi na unashika maji. Baridi ikiingia, maji hayo yanaganda, yanavimba na kuinua zege la chini ya nguzo lililo juu yake. Pembezoni mwa nyumba ardhi inaganda zaidi kuliko katikati, kwa hiyo kingo zinapanda na tumbo linabaki. Barafu ikiyeyuka, kingo zinashuka, na si lazima zirudi zilipokuwa. Texas hawana baridi ya namna hii ila wana mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Wakenya wa Athi River wanamjua ndugu yake, udongo mweusi, na wanajua nyumba inavyochezeshwa nao. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku mwenye kuuza huziba ufa kwa lipu, akapaka rangi, akauza.

Najua kanuni mnazo. Viwango vyenu vya kusimika nyumba hizi vilianza kutumika mwaka 2008, nami nimevisoma kwa makini kuliko baadhi ya wanaolipwa kuvifuata. Vinasema ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba walau nusu inchi kwa kila futi, kwa futi 10 za kwanza. Vinasema zege la nguzo lishuke chini ya kina kinachoganda, au mhandisi abuni msingi usiodhuriwa na barafu. Vinasema nguzo inayozidi inchi 36 ijengwe kwa tofali pacha. Hayo yote ni sawa, na laiti yangefuatwa chini ya nyumba ya yule mama, nisingekuwa naandika.

Lakini viwango hivyo ni vya nyumba mpya inaposimikwa mara ya kwanza. Nyumba ya mtumba, ambayo ndiyo saizi ya mifuko yetu, inategemea jimbo, na jimbo linamtegemea fundi. Tena mmeruhusu fundi asipime udongo, achukulie tu kwamba unabeba ratili 1,500 kwa kila futi ya mraba. Mhandisi anahitajika pale udongo unapoonekana kuwa wa mboji, au wa kifusi kisichoshindiliwa, au wenye hali isiyo ya kawaida. Unapoonekana na nani? Na yule yule anayelipwa kwa idadi ya nyumba alizomaliza kusimika, na ambaye kesho yuko kaunti nyingine.

Mpango wenu wa kusuluhisha migogoro kati ya kiwanda, muuzaji na msimikaji unapokea kasoro zilizoripotiwa ndani ya mwaka 1 tangu nyumba iliposimikwa. Mwaka 1 maana yake ni majira ya baridi mara moja tu. Nguzo haiinami kwa baridi moja, inachoka polepole. Mlango unapokataa kufunga, mwaka wa pili au wa tatu, muuzaji anasema muda umepita, msimikaji hapatikani, na bima inasema kuzama kwa ardhi hakumo kwenye mkataba.

Anabaki mwenye eneo. Nyumba ni yetu, kiwanja ni chake, tunamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Ukimwambia maji yanatuama, anajibu kwamba msingi ni sehemu ya nyumba. Kama ni sehemu ya nyumba, mbona siruhusiwi kuchimba mtaro bila idhini yake? Mwenye ardhi yake mwenyewe akiomba mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali, ripoti ya mhandisi kuhusu msingi inadaiwa, na kitabu cha mwongozo wa misingi ya kudumu mlikitoa mwaka 1996. Sisi wa viwanja vya kupanga tunanunua kwa mikopo kama ya gari, na hakuna anayeuliza kuhusu chini. Benki inapolindwa mhandisi anaitwa. Tukilindwa sisi, inatosha udongo uonekane mzuri.

Tunaomba muda wa kuripoti kasoro za msingi uwe miaka 3. Tunaomba nyumba ya mtumba isiuzwe wala kuhamishwa bila mtu asiye muuzaji kuingia chini na pimamaji na kuandika alichokiona. Kubwa kuliko hayo, mteremko na mifereji ya kiwanja cha kupanga iwe wajibu wa mwenye kiwanja kwa maandishi, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuyaelekeza maji ya eneo zima. Ukinyanyua nyumba kwa jeki na kuiacha juu ya tope lile lile, umemlipa fundi bure.

Ukituma wakaguzi, watume mwezi wa tatu. Agosti milango yote inafunga.

Ni mimi, mkazi, kwa niaba ya majirani waliotia saini.

Nakala:
Ofisi ya Kanuni za Ujenzi ya Jimbo.
Mwenye eneo letu (yake tumeibandika mlangoni pa ofisi yake).